Mwenye Mzigo

Mimi si mhubiri. Mimi ni mtu wa nyaya.
Nafunga spika mbili kwenye mlingoti wa mwanzi,
nalinywesha jenereta petroli,
napuliza kipaza, fuu, fuu, moja mbili,
na mbuzi wa Chilangala wanatimua mbio
kabla Neno halijawafikia.

Tumetoka Masasi, makusanyiko saba kwa siku kumi na moja.
Lukuledi ndugu walikuwa tisa, mmoja wao kiziwi,
na ndiye aliyeimba kuliko wote.
Mahuta tulilala darasani, chini ya jedwali la kuzidisha,
tumeshiba ming'oko mpaka ndoto zikawa na mizizi.
Mwinjilisti Sostenesi Nangomwa husema guta letu
ni mwanapunda wa kuingilia Yerusalemu.
Mimi nikilisukuma mchangani
naona ni guta.

Ulikuwa mwezi wa korosho. Watu walikuja na migongo inauma,
wakakalia magunia matupu ya chama cha msingi.
Msikiti wa jirani ulipoadhini nikazima jenereta,
ndivyo tulivyoagana na mwalimu wa madrasa,
tukangoja wote, sisi na wao.
Kuliwasha tena, mara ya tatu ndipo likakubali.

Akahubiri habari ya mwanamke na kisima.
Kisima! Kwenye nyanda hii
ambapo maji ni safari.
Kisha akashusha sauti, kama wanavyoshusha mwishoni:
"Mwenye mzigo, aje mbele."

Akainuka mama mwenye ushungi wa buluu.
Wazee wa kusanyiko wakasimama haraka,
mikono tayari kuwekwa kichwani.
"Mzigo ninao," akasema, na kipaza kikamdaka.
"Ndoo arobaini na mbili.

Naitwa Somoe Likapa, hapa wananijua.
Alikuja mwenzako, mnene, mwenye viatu vya kung'aa,
akachimba shimo kule kwenye mikorosho ya Ausi,
akatandika turubai, akataka maji ya kuzamishia watu.
Nikashuka bondeni saa nane za usiku, siku nne,
na mimba ya huyu."
Akamwonesha kijana aliyeegemea baiskeli,
tayari ana masharubu ya kuanzia.
"Mia tano kwa ndoo. Akaniambia, Bwana atalipa.
Basi nimekuja kumwuliza Bwana."

Kicheko kikapita kwenye magunia.
Kidole changu kilikuwa kwenye swichi:
nimeona pepo likikemewa kwa kosa dogo kuliko hili.
Sostenesi akanitazama. Acha.

"Elfu ishirini na moja," akasema ndani ya spika,
mpaka ng'ambo ya barabara wakalisikia deni letu.
Sadaka ya jioni: elfu nane na mia tatu,
mayai mawili, kopo la choroko.
Akafungua bahasha ya petroli, ya Mnyambe na Nanyamba,
akalipa noti kwa noti, kwa mikono miwili,
kama vile anayepokea ni yeye.

Somoe akahesabu. Akahesabu tena.
Akafunga kwenye pindo la kanga.
Mayai aliyakataa. Hakuokoka.
Alipofika ukingoni mwa watu akageuka,
akauliza, bila ubaya wowote:
"Na mkishabatiza, yale maji
huwa mnayamwaga?"

Nikakunja nyaya. Sikumbuki wimbo wa kufungia.

Mnyambe, keshokutwa yake, spika zilikaa kwenye guta
kama sufuria za msiba uliokwisha.
Akahubiri kwa koo tupu.
Wa nyuma walilalamika, wengine wakaondoka.
Nilikaa na mikono isiyo na kazi,
na baada ya miaka sita ya kumkuza sauti
ndipo nikagundua ana kigugumizi,
kidogo tu, kwenye jina la Baba.

Watatu walitaka kubatizwa.
Mzee wa kusanyiko akaanza kuulizia koleo, turubai,
kina mama wa kuteka.
Sostenesi akaangalia juu, mbingu nyeupe, kavu,
akasema, "Ngojeni mvua."